Mtoto Akirudi kutoka Irambo

(Maneno ya somo la redio. Yamepigwa chapa ili wanakisomo wayasome tena darasani.)

Hamjambo ninyi wa Kirando, wa Kipili na wa Kabwe, mnaokaa kando ya ziwa. Hamjambo ninyi wa huku juu, wa Namanyere, Chala, Laela na Sumbawanga. Kama redio inasikika vizuri na ubao umekwisha kufutwa, tuanze.

Leo tutazungumza juu ya mtoto aliyefanya kosa akapelekwa shule ya maadilisho. Twataka kujua mambo mawili. Kwanza, ni kitu gani kinachombadilisha mtoto wa namna hiyo? Pili, akirudi kwetu, tumfanyeje? Hilo la pili ndilo kubwa, maana limo mikononi mwenu.

Tuanze na neno lenyewe. Mwalimu, tafadhali liandike ubaoni kwa herufi kubwa: MAADILISHO. Lisomeni pamoja, polepole: ma-a-di-li-sho. Ndani yake mtaona neno fupi mnalolijua, adili. Mtu mwadilifu ni mtu wa mwenendo mwema. Kumwadilisha mtoto ni kumtia katika mwenendo mwema. Basi shule ya maadilisho si gereza la watoto, hata kama wengine huiita hivyo. Ni shule. Mtoto hupelekwa huko kwa amri ya mahakama, na hawezi kuondoka apendavyo, hiyo ni kweli. Lakini shabaha yake ni kumrudisha kwenu akiwa mtu mwingine.

Sasa nitawapa mfano. Mtoto huyu nimemtunga mimi mwenyewe, kwa hiyo msimtafute mtaani. Tumwite Zeno.

Zeno ana miaka 13. Baba yake alivuka ziwa kwenda kutafuta riziki, hakurudi. Mama yake huanika dagaa wa watu wengine mchangani na hulipwa kidogo. Zeno alianza kwenda mwaloni asubuhi kuokota dagaa wanaoanguka wakati wa kupakua. Hapo hakuna kosa, watoto wote hufanya hivyo. Baadaye mwenye mtumbwi mmoja akamwambia, "Wewe mtoto una mikono myepesi, njoo usiku utusaidie taa." Zeno akaenda. Asubuhi akarudi nyumbani na kisado cha dagaa. Mama akafurahi. Nani asingefurahi?

Lakini mtoto aliyekesha ziwani hawezi kukaa macho darasani. Zeno akawa analala juu ya daftari. Mwalimu akamgombeza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne Zeno hakuja tena shuleni.

Kisha ukaja mwezi mpevu. Ninyi mnajua kuwa usiku wa mbalamwezi dagaa hawazifuati taa, mitumbwi hulala pwani na wavuvi hupumzika. Zeno hakuwa na kazi, hakuwa na shule, wala hakuwa na senti. Akakaa na vijana wakubwa wanaocheza karata nyuma ya vibanda. Wakampa pombe, wakamwita "mwenzetu". Usiku mmoja wakamtuma: "Wewe mdogo, huonekani. Panda kwenye mtumbwi ule ufungue betri na taa." Akapanda. Mlinzi akaamka. Vijana wakubwa wakakimbia wote, akakamatwa Zeno peke yake, taa mkononi.

Tazameni jinsi mambo yalivyofuatana. Mkiniuliza kosa la Zeno lilianza lini, sitasema lilianza usiku ule wa betri. Usiku ule ulikuwa mwisho wa njia ndefu, na njiani alipita mbele ya macho ya watu wazima wengi. Alipita mbele ya mwenye mtumbwi, na mwalimu, na majirani, na wanunuzi wa dagaa. Hakuna aliyemsimamisha. Sisemi hivi ili kumwondolea Zeno hatia. Alichukua kitu cha mtu, na taa ile ndiyo jembe la mvuvi. Nasema hivi kwa sababu atakayetaka kumbadilisha lazima aijue njia aliyopita.

Sasa Zeno amekamatwa, na watu wamejaa mwaloni. Ndugu wanakisomo, hapa ndipo mtoto anapoweza kufa. Kila mtu aliyewahi kupotelewa na kitu hukumbuka kitu chake, na hasira ya vitu vyote vilivyopotea humwangukia huyu mmoja aliyeonekana. Kumpiga mwizi si sheria, na kumwua ni uuaji, hata kama waliopiga walikuwa mia moja. Mtu mzima mmoja tu mwenye sauti aweza kumwokoa: amshike mkono, aseme, "Huyu naenda naye kwa mtendaji," na aende naye kweli. Kutoka kwa mtendaji wa kijiji watakwenda kituo cha polisi, na habari itafika kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, huko Namanyere. Likumbukeni jina la kazi hii, afisa ustawi wa jamii. Ndiye mtu wa serikali ambaye kazi yake hasa ni mambo kama haya.

Tuangalie sheria kidogo, maana ni vizuri mtu aijue kabla haijamfikia.

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hii inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajafika miaka 18. Inasema pia kwamba mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Nayo Kanuni ya Adhabu inaweka mipaka ya umri. Mtoto aliye chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Aliye na miaka 10 lakini hajafika 12 hawi na hatia mpaka ithibitishwe kuwa alikuwa na akili ya kujua kwamba jambo lile halifai. Zeno ana 13, basi aweza kushtakiwa. Lakini polisi hapaswi kuwekwa pamoja na watu wazima, na mzazi au mlezi wake lazima atafutwe.

Hapo kuna jambo dogo ambalo limewatia watu wengi taabuni. Askari atajuaje kuwa Zeno ana miaka 13? Watoto wa ziwani huota misuli mapema kwa sababu ya kuvuta kamba. Mtoto wa miaka 15 huonekana kijana wa 19. Kama hakuna karatasi, umri wake utabishaniwa, na mabishano hayo yaweza kumtupa upande wa watu wazima. Kwa hiyo kitunzeni cheti cha kuzaliwa. Kama hamna, tunzeni kadi ya kliniki, au cheti cha ubatizo kutoka parokiani. Kiwekeni mahali pakavu, juu, mbali na panya. Ninyi mnaojifunza kusoma, leo jioni mkifika nyumbani tafuteni karatasi hizo, msome tarehe iliyoandikwa.

Mahakama ya Watoto si kama mahakama mliyozoea kuisikia. Kesi husikilizwa faraghani, wala watu wa mtaani hawaingii kutazama. Afisa ustawi wa jamii huwapo. Mzazi huwapo. Mtoto mwenyewe ana haki ya kusema maneno yake. Kabla ya kuamua, hakimu huletewa habari za maisha ya mtoto: nyumbani kwao kukoje, alisoma mpaka darasa gani, alikuwa akikaa na nani. Kisha ana njia nyingi mbele yake. Aweza kumwachia mtoto kwa masharti. Aweza kumweka chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii huku akikaa nyumbani. Aweza kumkabidhi kwa ndugu mwenye kufaa. Aweza kumwamuru mzazi alipe fidia. Na aweza kumpeleka shule ya maadilisho.

Njia hiyo ya mwisho haikuwekwa iwe ya kwanza. Mataifa yalipatana mwaka 1989 katika Mkataba wa Haki za Mtoto kwamba kumfungia mtoto kuwe jambo la mwisho kabisa, na kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo. Nchi yetu iliuridhia mkataba huo mwaka 1991. Huko Temeke, Dar es Salaam, na pia Mbeya, katika miaka ya 2010 walijaribu mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa nyumbani kwao, bila kuwafungia. Mimi naona njia hiyo ndiyo bora kwa watoto wengi, pale nyumba inapokuwa na mtu mzima wa kumshika mtoto. Lakini tuseme kwa Zeno hakimu ameona hakuna mtu huyo. Ameamuru apelekwe Irambo.

Irambo iko mkoani Mbeya. Ndiyo shule ya maadilisho ya Tanzania Bara, na watoto wanaokwenda huko hutoka mikoa mbalimbali. Hebu fuateni safari ya Zeno. Anapanda kutoka Kirando mpaka Namanyere. Anakwenda Sumbawanga, mji ambao labda hajapata kuuona. Kisha Laela, kisha Tunduma, kisha Mbeya. Kutoka Sumbawanga peke yake ni zaidi ya kilomita 300. Mtoto wa ziwa, aliyezoea joto la mwambao, anashuka katika nchi ya milima na baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya Mbeya huuma masikio. Hakuna anayemjua. Hakuna anayekijua Kifipa. Usiku hasikii maji.

Watu wengine husema, "Vizuri! Ateseke kidogo, apate adabu." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na yafaa tuyapime, kwa sababu kuna nchi iliyoyajaribu sawasawa.

Nchi hiyo ni Marekani. Katika miaka ya 1970, katika jimbo la New Jersey, kulikuwa na gereza lililoitwa Rahway. Wafungwa waliofungwa maisha walipewa kazi ya kuwatisha vijana wadogo. Vijana waliokuwa wameanza ukorofi waliletwa gerezani, wakawekwa mbele ya wafungwa hao, wakapigiwa kelele na kuelezwa mateso yote ya jela. Wengine walilia. Mwaka 1978 ikatengenezwa filamu, ikapendwa sana, na majimbo mengine yakaiga. Baadaye wataalamu wakafanya jambo la busara. Waliwalinganisha vijana waliopelekwa gerezani kutishwa na vijana wa namna ileile ambao hawakupelekwa. Wakaona nini? Waliotishwa ndio waliofanya makosa zaidi. Walirudia uchunguzi mahali pengine, na jibu likawa hilohilo.

Kwa nini iwe hivyo? Mkulima akimtisha nyani kwa kelele, nyani hukimbia mpaka ukingoni mwa shamba, hukaa juu ya mti, humwangalia. Hakujifunza kulima. Alichojifunza ni mkulima anakuja saa ngapi. Na fimbo nayo humfundisha mtoto jambo moja kwa hakika: kutazama kama mwenye fimbo yuko karibu. Tena wataalamu wa ubongo wametuonyesha kwamba ile sehemu ya ubongo inayomzuia mtu, inayomwambia "ngoja, fikiri kwanza", huendelea kukua hata baada ya miaka 20. Mtoto wa miaka 13 hutenda kwanza na kufikiri baadaye. Hofu aliyotiwa jana haimo kichwani mwake usiku rafiki zake wanapomwita.

Basi kama si hofu, ni nini? Tuvuke mpaka twende Kenya, tutazame jambo la zamani.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya. Watu maelfu kwa maelfu waliwekwa kizuizini bila kuhukumiwa, na miongoni mwao walikuwamo wavulana wadogo. Mwaka 1955 wavulana wengi walitolewa katika kambi ya Manyani, wakapelekwa mahali paitwapo Wamumu. Lazima niseme wazi: wavulana hao hawakuwa wezi. Walishikwa kwa ajili ya siasa na vita vya kudai nchi, na serikali ile ilikuwa na shabaha zake yenyewe. Siisifu. Lakini namna walivyokaa Wamumu inatufundisha kitu. Walipewa masomo. Walifundishwa kazi za mikono. Walicheza michezo. Na walipokaribia kutoka, ilifanywa bidii ya kuwatafutia kazi, ili wasirudi kwenye njia panda mikono mitupu.

Mmoja wa waliowasimamia aliitwa Geoffrey Griffin. Mwaka 1959 yeye na wenzake wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha kituo cha wavulana maskini mjini Nairobi, katika vibanda viwili vya mabati. Kituo hicho ni Starehe, ambacho baadaye kilikuwa moja ya shule zenye sifa kubwa Kenya nzima. Na huyo Gikubu, mmoja wa waanzilishi watatu, alikuwa amepata kuwekwa kizuizini akiwa kijana. Hebu fikirini hapo. Kijana aliyefungiwa alikuja kuwa mtu wa kuwafungulia watoto wengine milango. Alipewa kazi ya kuaminiwa, akaitunza. Hapa kwetu, ni nani aliyewahi kumpa ufunguo kijana aliyetoka kizuizini?

Irambo nako watoto hufundishwa masomo, kilimo na kazi za mikono. Kazi hizo si adhabu. Mtoto kama Zeno hakujua asubuhi kwamba jioni atakula. Siku zake zilikuwa za kubahatisha. Sasa kuna saa ya kuamka, saa ya kuoga, saa ya somo, saa ya shamba, saa ya chakula, na chakula kinakuja kweli. Mtoto anayejua kuwa kesho kuna chakula huanza kufikiri juu ya kesho kutwa. Hilo laonekana dogo, lakini kubadilika huanzia hapo. Jambo la pili ni mtu mzima anayetimiza neno lake. Mwalimu akisema, "Jumamosi nitakuonyesha kupiga randa," Jumamosi amwonyeshe. Zeno amekutana na watu wazima wengi waliomwahidi na kutoweka, kuanzia baba yake. Atamjaribu mwalimu huyo kwa ukorofi ili aone kama naye atatoweka. Akiona hatoweki, hapo ndipo husikiliza.

Nanyi Wafipa mnaijua kazi ya namna hii kuliko mtu yeyote. Mababu zenu ndio mabingwa wa yale matuta ya mviringo. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hukata nyasi, huzikusanya, huzifukia kwa udongo. Magugu yaleyale yaliyokuwa yakimsumbua huoza humo ndani, na msimu unaofuata tuta hutawanywa, udongo umekuwa na nguvu. Hakuna anayelifukua tuta kila juma kutazama kama nyasi zimeoza. Mtoto naye ana msimu wake.

Lakini kuna hatari moja kubwa, nayo haiko Irambo. Iko huku nyumbani. Mtoto aliyeko mbali huanza kuamini kwamba kwao wamemfuta. Akiamini hivyo, haoni sababu ya kubadilika, maana atabadilika kwa ajili ya nani? Nauli ya kutoka Kirando mpaka Mbeya ni nzito kwa mama anayeanika dagaa. Simu ni nzuri, lakini maneno ya simu hupita. Barua hukaa. Mtoto huiweka chini ya godoro, huisoma tena siku ya pili.

Ninyi mnajifunza kuandika. Fungueni madaftari. Nitasoma barua polepole, nanyi mwandike. Ni barua ya mama yake Zeno.

"Mwanangu Zeno. Salamu sana. Sisi hatujambo. Bibi yako naye mzima, ila magoti yanamsumbua. Juma hili dagaa walikuwa wachache kwa sababu ya mbalamwezi. Mbuzi wako amezaa wawili, mmoja nimekuwekea. Mjomba wako amesema ukirudi utakaa kwake, utajifunza kushona nyavu mchana. Sikia baridi ya huko, vaa sweta niliyokutumia. Jumapili twakuombea. Nijibu, uniambie umesoma nini. Mimi mama yako."

Mmeona? Hakuna neno "wizi" ndani yake. Hakuna mahubiri, maana mahubiri atayapata ya kutosha huko huko. Mna mbuzi, mna magoti ya bibi, mna nyavu. Barua inamwambia Zeno kwamba nafasi yake ingali wazi, na kwamba kuna mtu aliyekwisha kufikiri atakaa wapi. Kama mama hajui kuandika, mmoja wenu amwandikie, na mumpe afisa ustawi wa jamii aifikishe. Huyo mama huenda anaona haya kuja kuomba. Mfuateni ninyi.

Sasa tufike siku ya kurudi. Muda uliowekwa na mahakama umekwisha. Zeno ana miaka 15, amerefuka, sauti imekuwa nzito. Anashuka kwenye gari Kirando na kibegi kidogo. Mtu wa kwanza kumwona sokoni anasema nini?

Akisema, "Yule mwizi wa betri amerudi," basi kazi ya miaka miwili imepigwa teke kwa maneno matano. Mtoto aliyepewa jina baya hulivaa. Kama ataitwa mwizi akiiba na ataitwa mwizi asipoiba, hesabu yake ni rahisi. Namwomba kila mwanakisomo aanze yeye kumwita kwa jina lake la ubatizo, kwa sauti, mbele ya watu.

Mwenye taa naye asisahauliwe. Yeye ndiye aliyeumizwa, na kama hakulipwa ana haki ya kuwa na uchungu. Wazee wa pande mbili wakae kabla Zeno hajarudi, wamalize habari ya fidia. Zeno akirudi amwendee mara moja, amwombe radhi, yaishe. Asiburuzwe kwenye kila baraza kurudia maneno hayohayo. Aliyeombwa radhi akikubali, mji mzima uone kuwa amekubali. Akimpa hata kazi ya kumbebea nyavu mchana, amefanya kazi kubwa kuliko mahakama.

Nimesema mchana, na nimekusudia. Sheria ile ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi za usiku, yaani tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wenye mitumbwi, sheria hii inawahusu. Najua mtasema watoto wenyewe wanakuja kuomba. Ndiyo, wanakuja, kwa kuwa wana njaa. Lakini Zeno akirudishwa usiku ziwani juma la kwanza, amerudishwa pale pale njia ilipoanza. Kushona nyavu, kukausha dagaa, kujenga mitumbwi, useremala, hizo ni kazi za jua. Na kama aliacha shule darasa la tano, uko mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, unaoitwa MEMKWA, kwa watoto wakubwa walioachwa na masomo. Mwulizeni mwalimu mkuu au afisa elimu. Mtu asimwambie mtoto wa miaka 15 kuwa amechelewa. Ninyi mmekaa darasani hapo, wengine mna wajukuu.

Sitawaficha kwamba wako wanaorudia kosa. Wengine hurudia juma la kwanza, wengine mwaka wa pili, na mji husema, "Tuliwaambia." Mtoto hupanda hatua tatu, huteleza moja. Akiteleza, tutazame ameteleza wapi. Na kitu kikipotea mwaloni, msiende moja kwa moja nyumbani kwa Zeno. Ulizeni kwanza, kama mnavyouliza kwa mtoto wa mtu mwingine yeyote. Hakuna kinachomvunja kijana aliyejitahidi kama kushikwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Tena wako wale vijana wakubwa waliokimbia usiku ule. Wao hawakwenda Irambo. Wako palepale nyuma ya vibanda, na karata zao, na wamesikia kuwa Zeno amerudi. Watamwita "mwenzetu" tena, na huenda wakawa watu wa kwanza kumwita kwa upole tangu ashuke kwenye gari. Mwenyekiti wa kitongoji anawajua. Wazazi wao wanajulikana. Habari yao isingoje mpaka mtoto mwingine mdogo atumwe.

Ndugu wanakisomo, wakati wetu umekwisha. Mwalimu, tafadhali zima redio, wagawanye wanafunzi katika makundi ya watu watano watano, na kila kundi lizungumze swali moja tu. Mwezi umekuwa mpevu, mitumbwi yote ya Kirando imelala pwani, na hakuna kazi. Usiku huo Zeno atakuwa wapi, na atakuwa pamoja na nani?